Yadi ya gari za porini Mtwara: spea chukua, gari subiri msimu upite

Niseme mapema, mwenye haraka asome hapa aondoke. Spea za mtumba kwenye yadi hii zina bei ya haki, na baadhi utazipata kwa nafuu kuliko kuagiza Dar. Gari zenyewe, hapana. Bei za gari pale zimepangwa kwa kuangalia kalenda ya korosho, si kwa kuangalia gari. Nawapa nyota 3 kati ya 5, na hiyo ya tatu ni ya kijana wa stoo peke yake, tajiri wake asije akadhani ni yake.

Jina la yadi sitaji. Iko Mtwara mjini, inauza gari za four wheel zilizotumika pamoja na spea zake.

Mimi naishi Newala. Nina pikapu mbili za Land Cruiser. Msimu zinatoa korosho mashambani na kupeleka kwenye maghala ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, nje ya msimu zinabeba saruji, mabati, mihogo, maharusi, misiba, chochote kinacholipa mafuta na kubakisha. Anayeijua njia ya kushuka kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma wakati wa mvua hataniuliza kwa nini sinunui gari ndogo. Nilikuwa natafuta ya tatu. Nikaongozana na fundi wangu, mzee wa Kimakua kutoka Masasi. Mimi namwita mjomba, yeye ananiita mama ingawa amenizidi umri mbali. Hana maneno mengi, lakini bisibisi yake ina maneno.

Kwanza hili la msimu, maana ndilo linalopotosha bei kuliko kutu na kuliko injini mbovu. Minada ya korosho huku kwetu huanza Oktoba. Kabla haijaanza kila mwenye gari ya kubeba mzigo anajua kuna mtu anaihitaji wiki hiyohiyo, na minada ikishika kasi fedha zinaingia kwenye akaunti za wakulima, kila mtu anataka chombo. Hapo bei hazina adabu. Halafu mvua zinapamba moto, mtu wa Liwale au Nachingwea naye anagundua gari yake haifai, anakuja kuongeza moto. Ukitaka bei ya kweli njoo kati ya Mei na Julai, wakati mwenye gari anawaza palizi na dawa ya mikorosho na mfukoni kumekauka.

Ushahidi ninao. Kwenye yadi ile nilikuta Hilux ya kijani, ile ya zamani yenye ekseli nzima mbele, injini ya 3L. Niliijua kabla sijashuka kwenye bodaboda. Mlango wa kushoto una boncho refu lililotokana na nguzo ya ghala moja la Tandahimba, nililiona lilipopatikana. Mwenyewe aliiuza mwezi wa sita kwa milioni 15, na alisema hadharani, kwa hiyo sifichui siri ya mtu. Yadini imewekwa vitambaa vipya vya viti, bei milioni 19. Boncho lipo palepale. Hizo milioni 4 zilizoongezeka ni vitambaa, cha juu cha dalali, na Oktoba.

Sasa nije kwenye ile iliyonipeleka pale. Pikapu nyeupe ya Land Cruiser, rangi mpya, tairi zimepakwa dawa ya kung'arisha, bei milioni 58. Muuzaji, kijana mstaarabu wa kauli, akanipokea: "Karibu mama yangu, hii ni sevunti naini, ya mwaka tisini na sita, injini wani eichi zeti, haijaguswa."

Mjomba akachuchumaa mbele ya gurudumu, akatazama, akasimama. Akaniambia kwa sauti ya kawaida tu, muuzaji akisikia: "Mama, nati sita."

Ninaieleza hii kwa kirefu kwa sababu peke yake ina mamilioni. HZJ79, ndiyo hiyo sevunti naini, ilianza kutengenezwa 1999. Gurudumu lake lina nati tano, na mbele imekaa kwenye springi za koili. Iliyotangulia, HZJ75, ina nati sita, na ukiinama chini ya bampa utaona springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Kwa mbali sura zinafanana, na taa, grili na boneti vinahamishika. Kwa hiyo 79 ya mwaka 1996 haipo duniani. Ama kadi inasema uongo ama mdomo, na ile kadi tulipoiomba ilikuwa imeandikwa 75 bila haya. Kijana hakubishana. Alisema, "Ni ileile tu mama, tofauti ndogo." Sawa, ikiwa tofauti ni ndogo na bei ishuke iwe ya 75.

Msinielewe vibaya, 75 ni gari nzuri, mimi mwenyewe zangu zote mbili ni hizo. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, haina tabo wala kompyuta, fundi wa Kitangari anaifungua chini ya mkorosho na kuirudisha. Ila inanunuliwa kwa bei yake.

Tulifika asubuhi mapema makusudi. Mjomba akaweka kiganja kwenye injini, ina joto. Wameshaiwasha kabla yetu. Muuzaji yeyote anayeipasha gari moto kabla mnunuzi hajafika ana sababu yake, basi tukakaa tukanywa chai mpaka ikapoa. Kwa haki niseme iliwaka vizuri. Moshi mweupe kidogo, ukakata. Tukafungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma, tukakilaza juu ya tundu kikiwa kimepinduliwa. Injini iliyochoka ringi inapumua mpaka kifuniko kinacheza na kuruka. Hiki kilitulia. Injini nikaipa alama nzuri, mpaka tulipofika kwenye dashibodi.

1HZ inatumia mkanda wa taimingi, na mkanda huo unabadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika valvu zinagonga pistoni, hapo unazungumzia injini nyingine. Toyota waliweka taa ya kukumbusha kwenye dashibodi, imeandikwa T-BELT. Ukizungusha ufunguo kabla ya kuwasha injini, taa zote zinatakiwa kuwaka kwa pamoja, nayo ikiwemo. Hapa ziliwaka zote isipokuwa hiyo. Taa haikuwa mbovu, mtu aliitoa. Aliyeitoa alikuwa ameshachoka kuiona inawaka na hakutaka kununua mkanda.

Halafu chasisi. Hapa ndipo Mtwara na Lindi zinapotofautiana na Dodoma. Huku tuna bahari, tuna mashamba ya chumvi, tuna vijana wanaopeleka gari kwenye mchanga wa Msimbati mpaka mawimbi yanaosha rimu. Gari iliyolelewa bara inaweza kuwa na miaka 30 na chasisi ikalia kengele. Ya pwani mchunguze nyuma, pale springi ya nyuma inaponing'inia, kwa sababu maji ya chumvi yanatiririka kutoka kwenye bodi na kukaa hapo. Mjomba alilala chali juu ya gunia, akaanza kugonga kwa mpini wa spana kutoka mbele kwenda nyuma. Ti, ti, ti, ti, halafu du. Akarudia. Du. Akachukua bisibisi akaisukuma taratibu, haikupigiliwa wala nini, ikazama kupita rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi, magamba ya kutu yakamwagika kifuani kwake. Kando yake palikuwa na kipande cha bati nene kilichochomelewa, mshono umefichwa kwa rangi hiyohiyo. Kwenye maungio ya sakafu ya bodi, pembeni kusikofika ufagio, nikakwangua kwa ukucha nikapata chembe nyeupe. Nikazionja. Chumvi.

Nikamuuliza kijana gari hii ilikuwa inafanya kazi gani. Akasema ilikuwa ya mradi wa maji. Labda maji ya bahari.

Basi hesabu, na hii ndiyo hesabu ninayoitumia kwa gari yoyote, nanyi itumieni. Siangalii bei za matangazo. Tangazo linakuambia muuzaji anatamani nini, halikuambii mtu alilipa nini. Nauliza walionunua karibuni, wale wanaonijua na hawana cha kunificha, HZJ75 iliyonyooka ilitoka kwa shilingi ngapi nje ya msimu. Mwaka huu, kwa niliowauliza mimi, Newala, Masasi na Nachingwea, jibu linazunguka milioni 38. Hapo natoa kila kitu ambacho nitalipa mimi kabla gari haijabeba gunia la kwanza. Chasisi nyuma kukatwa na kuundwa upya na fundi anayejua, si wa kubandika bati, milioni 2.5. Tairi tano za 750 kwa rimu ya 16, kila moja 450,000, ni milioni 2.25. Mkanda wa taimingi, beringi yake na sili za mbele, 600,000. Springi za mbele zimelala na bushi zimekwisha, 900,000. Jumla milioni 6.25. Inabaki milioni 31.75. Halafu natoa siku ambazo gari italala gereji wakati wenzake wanabeba korosho, maana na hizo ni fedha. Nikafika milioni 30.

Nilipomtajia 30 kijana alicheka, akaniita shangazi badala ya mama yangu, nikajua nimeshuka cheo. Akashuka mpaka 45 akagoma. Mimi sikumlaumu. Anajua wiki mbili zijazo atakuja mtu mwenye fedha za korosho na rangi itamtosha. Lakini nyie mnaosoma, mtu anayeshuka milioni 13 kabla ya chai ya pili hajawahi kuwa na bei, alikuwa na matumaini.

Kuna watakaosema gari hizi haziagiziki tena kirahisi, kwa hiyo bei iko juu kwa haki. Ni kweli kwa sehemu. Ukiagiza gari ya zamani kutoka nje unalipa ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa, na juu yake ushuru wa uchakavu kwa sababu ya umri. Hiyo ndiyo inayofanya kigari cha mwaka tisini na kitu kiheshimike hapa kuliko huko kilikotoka. Lakini ushuru huo unapandisha thamani ya gari iliyonyooka. Haupandishi thamani ya chumvi.

Gari ya tatu niliyoiona pale yadini ilikuwa Land Rover 110 yenye injini ya 300Tdi, milioni 16. Hiyo sikuikagua sana. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu haishiki kutu, watu wanaiona inang'aa wanasahau kwamba chasisi yake ni chuma na inaoza kimyakimya kuliko ya Toyota. Ila sikufika hata kwenye chasisi. Namba yake ilikuwa bado DFP, ile ya miradi ya wafadhili. Gari ya mradi iliyoingia kwa msamaha wa kodi, ikihamia kwa mtu asiye na msamaha kama mimi, kodi inatakiwa kulipwa. Nikauliza nani analipa. "Tutasaidiana mama." Kusaidiana kwa kodi ya mtu mwingine sijawahi kukuona kukiisha vizuri. Nikashukuru, nikaondoka. Kwenye gari za mradi, omba karatasi ya kuuzwa, omba uthibitisho wa kodi, na namba iwe imeshageuka kuwa ya T, ya mtu binafsi, kabla hujatoa hata mia.

Kwenye karatasi niongeze mambo mawili. Namba ya chasisi ya Land Cruiser imegongwa kwenye chasisi yenyewe, upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Sugua tope usome herufi kwa herufi ukiwa na kadi mkononi. Usitosheke na kile kibati cha ndani ya boneti, kibati kinafunguka kwa skrubu. Na namba ya injini isomwe pia, kwa sababu kadi inaitaja, na injini nyingi huku zimeshabadilishwa bila mtu kwenda TRA, mamlaka ya mapato.

La pili, nilipoomba makadirio ya gharama zote za Hilux ili nilinganishe, niliandikiwa karatasi yenye uhamisho, ushuru wa stempu, na "road license" 150,000. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta. Tunailipa kila tukiingia sheli. Nilipouliza, ikafutwa kwa kalamu bila maelezo. Nyota moja iliondokea hapo.

Hilux yenyewe ni gari ya kweli. Chasisi imelia kengele mwanzo mpaka mwisho, four wheel inaingia na kutoka, gia ya chini inavuta, tuliijaribu kwenye mchanga nyuma ya yadi baada ya mimi kukataa jaribio la kwenye lami. Jaribio la lami kwa gari ya porini halikuambii kitu. Kasoro ni rejeta. Maji yalitoka rangi ya chai, na hilo kwa gari ya uwanda wa Makonde ni kawaida, maji yenyewe ya shida, mtu anamimina chochote alichopata kisimani. Rejeta itafunguliwa izibuliwe na hedi iangaliwe. Kwa hesabu yangu ni gari ya milioni 14, nikinyooshwa sana 14.5. Walifika 16.5.

Sasa spea, ambako ndiko nilikotumia muda mwingi na kwa furaha zaidi.

Stoo iko nyuma, chini ya bati, na anaisimamia kijana mmoja ambaye sijui wamempata wapi. Kila kitu amekiandika kwa kalamu ya rangi nyeupe: kimetoka gari gani, lini, na kama kilifunguliwa. Giaboksi ina maandishi, difu (zile gia za kwenye ekseli) ina maandishi, hata mlango. Ukimuuliza bei anakutajia na ukimuuliza kwa nini anakujibu. Kwenye biashara ya spea za mtumba hiyo ni nusu ya thamani.

Bei yake naipima hivi. Nampigia mtu wangu wa spea mtaa wa Gerezani, Kariakoo, Dar, namuuliza kitu kilekile cha mtumba kwake ni kiasi gani, naongeza nauli ya basi. Jozi ya springi za nyuma za 75 Gerezani waliniambia 420,000, basi la mzigo 30,000, jumla 450,000 ikiwa Mtwara stendi. Kijana akataja 480,000. Hizo 30,000 za juu nilikuwa tayari kuzilipa, kwa sababu pale naona springi kwa macho, naipitisha kidole kila jani kutafuta ufa, na ikinikataa narudisha mwenyewe. Kitu kilichotoka Dar kikiwa kibovu, kukirudisha ni kesi. Tulimalizana 430,000. Wala haikuwa kwa ugomvi.

Tena stoo kama hii ina faida ambayo haionekani mpaka siku ya shida. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika huko Kilwa, hapakuwa na basi wala mzigo. Mwenye beringi Mtwara ndiye alikuwa mfalme. Maduka fulani yalipandisha bei wiki ile, na nyingine sijaziona zikishuka tena.

Difu alikuwa nazo mbili za 75. Mjomba hakuuliza bei, aliomba zifunguliwe, kijana akafungua bila kununa. Hapa watu wanaumia sana. Gari ya four wheel ina difu mbele na nyuma, na lazima zizunguke kwa uwiano mmoja. Hesabu meno ya gia kubwa, gawanya kwa meno ya ile ndogo. Meno 37 kwa 9 inakupa 4.11. Kama nyuma una 4.11 na mbele umefungiwa ya uwiano mwingine, kwenye lami hutajua. Siku ukiingiza four wheel kwenye kipande kigumu, mbele inavutana na nyuma mpaka kimoja kinapasuka, na hakitakuwa cha bei ndogo. Moja ya zile difu ilikuwa na unga wa chuma mwingi kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili. Kijana aliiona pamoja nasi, akachukua kalamu yake akaandika juu "mbovu, ya kutoa vipuri". Mbele ya mteja! Ile nyota ya tatu ilizaliwa dakika hiyo.

Kwa hiyo spea za kuchukua pale: springi, rimu, milango, propela, habu za mbele za kuloki, stata, giaboksi baada ya kumwaga oili na kuangalia kilichotoka. Vitu vya chuma kinene ambavyo ubovu wake unaonekana au unasikika. Visivyofaa kununuliwa mtumba popote, si pale tu: mkanda wa taimingi, klachi, pampu ya maji, bushi, mipira ya breki, beringi. Hivyo nunua vipya hata kama roho inauma, na hapo ndipo uangalie boksi vizuri, kwa sababu feki nyingi zinavaa boksi zuri kuliko orijino. Nozeli za mtumba, zile za kupulizia dizeli kwenye injini, ni bahati nasibu mpaka zipimwe kwenye mashine. Alikuwa nazo, akasema mwenyewe hajazipima, nikaziacha.

Tairi zao ziepukeni. Zilikuwa nzuri kwa macho, kashata (meno ya tairi) zimesimama, 300,000 kila moja. Geuza tairi utafute namba nne zilizofungwa kwenye kiduara kirefu mwishoni mwa herufi za DOT. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Hizi zilisoma 1216, wiki ya 12 ya mwaka 2016. Tairi iliyokaa miaka yote hiyo, hata kama haijatembea, mpira umekauka, na ukiukunja kwa gumba unaona nyufa kama za nywele. Ukitia mzigo na jua la saa nane njia ya Masasi itafumuka. Kuongeza 150,000 upate mpya ni kuokoa fedha. Kijana wa stoo alisema tairi si zake, ni za tajiri. Nilimwelewa.

Risiti waliniandikia ya mkono. Nikaomba ya EFD, ile ya mashine ya TRA, nikaambiwa mashine ina shida ya mtandao, nikasema nitasubiri na chai ipo. Mtandao ukarudi upesi. Spea zinarudishwa ndani ya siku tatu kama hazikufunguliwa wala kuchomelewa, vya umeme havirudi, imeandikwa ukutani na wanaifuata, maana nilimshuhudia mteja wa Mikindani akibadilishiwa propela bila kelele. Gari hazina dhamana yoyote hata ya kufika Naliendele. Kivuli kipo, viti vipo, choo cha wanawake hakipo, na kwa mahali panapotaka mtu akae asubuhi nzima akisubiri injini ipoe, hilo walitatue.

Mkienda, nendeni na fundi wenu, si watakayewapa wao. Bebeni bisibisi, tochi na gunia la kulalia. Simu iwe na salio la kupigia Gerezani. Bei ya gari ikitajwa msijibu mpaka muwe mmemaliza hesabu kwenye karatasi.

Springi nilizofunga zimebeba mzigo mpaka Mnyambe na kurudi, hazijalala. Ile nyeupe nasikia imeshapata mtu. Hilux bado ipo. Nimemwachia kijana ujumbe kwamba msimu ukiisha na tajiri akafika 14.5, anipigie, nitakuja na fedha taslimu na mjomba wangu, na asiiwashe kabla hatujafika.